Mpaka wa Kaya Mirihini

Ndugu yangu Mwidani alikuwa hajui kuongopa, na msidhani namsifu. Mtu asiyejua kuongopa ni adhabu ndani ya nyumba. Aliwahi kumpeleka mbuzi wake sokoni Likoni, mnunuzi ameridhika, ameshatia mkono mfukoni, mara yeye akamwambia, "Lakini huyu akohoa usiku." Nani alimwuliza? Akarudi na mbuzi wake. Mkewe, Mungu amrehemu, alilia kwa hasira, na mimi dada yake nikacheka hadi mbavu zikaniuma, maana siku zile hasara ilikuwa ya mbuzi tu.

Mimi naitwa Mwanasaumu. Kwetu ni Mtongwe, na nyuma ya nyumba zetu kulikuwa na msitu. Watu wa mjini waliuita wote Kaya Mirihini, kuanzia mti wa kwanza hadi wa mwisho. Sisi Wadigo tuna maneno mawili, na hayo maneno mawili ndiyo yaliyotumaliza, kwa hivyo nisikilizeni vizuri. Katikati ya msitu, kati ya milango miwili ya kale, palikuwa na mji wa wazee wetu. Pale ndipo kaya. Nyumba zilioza zamani, yamebaki makaburi na miti mikubwa, lakini ni mji bado: huokoti hata kijiti, huvai viatu, na mwanamke haingii. Msitu unaoizunguka kaya pande zote si kaya. Huo ni tsaka. Tsakani nilikuwa naingia nitakavyo. Nimeokota kuni kavu huko, nimechimba dawa za watoto, na siku mume wangu aliponiacha nilikwenda kulia huko ili majirani wasipate la kusema.

Nilipokuwa mdogo tsaka ilishuka hadi kwenye mikoko. Kisha wakaja wachoma makaa, wakaja wakata boriti, wakaja watafuta viwanja kutoka kila pembe, na wenyeji wengine tukawauzia, tusijifanye malaika. Kufikia miaka ya themanini ilikuwa imechakaa kama mgongo wa punda mwenye vidonda. Upepo wa kusi ukivuma ulipita moja kwa moja mpaka ndani ya kaya, na miti ya mle, ambayo haikuzoea kupigwa, ikawa yaanguka mmoja mmoja. Mwidani alikuwa mmoja wa wazee wa kaya. Walichinja, wakaomba. Miti ikaendelea kuanguka.

Ndipo akaja Wafula. Alikuwa mtu wa Bungoma, aliyesomea miti chuoni, mrefu, mpole, na Kiswahili chake nilikuwa nakicheka mbele ya uso wake, naye akicheka pamoja nami. Shirika lake lilitaka kurudisha misitu ya asili, si mivinje na miarobaini waliyotuletea watu wa mashirika ya kwanza. Alibeba picha kubwa zilizopigwa kutoka kwenye ndege enzi za Mwingereza. Akazitandaza kwenye mkeka barazani kwetu, akampa Mwidani kioo cha kukuzia. Msitu wetu wote ulikuwa mle, kila mti nukta ndogo kama mbegu ya ufuta.

"Huku palikuwa na miti," Wafula akasema, kidole chake kikiwa upande wa bondeni.

"Hapakuwa," Mwidani akasema. "Ni shamba la babu yangu lile."

"Mzee, picha inaonyesha miti."

Mwidani akavaa makubadhi yake akaondoka bila kuaga. Alirudi alasiri, matope hadi magotini. "Kuna visiki," akasema. "Picha yasema kweli." Tangu siku hiyo Wafula akawa mtu wetu, kwa sababu hakuna kitu ndugu yangu alichokipenda kama kitu kisichoongopa.

Picha zilijua miti ilikuwa wapi. Kuiotesha hazikujua. Wafula alijenga kitalu, akaleta wavu wa kivuli na mifuko ya nailoni, akapanda mbegu za mrihi, mti ulioipa kaya yetu jina, kwenye udongo mweusi uliochanganywa na samadi. Zikaota vizuri, zikafika urefu wa kiganja, zikageuka manjano zikafa. Akarudia. Zikafa tena. Nilimkuta amekaa juu ya ndoo ameshika kichwa.

"Mwanangu, weye wamlea mtoto mbali na mamake," nikamwambia.

Bibi yetu alipohamisha mche wa mrihi alibeba na kikapu cha udongo kutoka chini ya mti uliouzaa. Kwa nini, hatukuwahi kumwuliza. Wafula hakucheka. Alipanda nusu kwenye udongo wake na nusu kwenye udongo wangu, nilioutoa msituni nje ya kaya, maana kayani hutoi hata vumbi. Nusu yangu ikasimama, kijani kibichi. Akang'oa mche mmoja, akauweka chini ya hadubini aliyoileta kwa pikipiki imefungwa ndani ya blanketi, akaniita nichungulie. Niliona mizizi imevishwa nyuzi nyeupe, nyembamba kuliko za buibui.

"Huo ni ukungu, mama," akasema. "Ndio unaoulisha mti. Uko kwenye udongo wa mama yake."

Nilikuwa nimebeba udongo ule tangu utotoni bila kujua nabeba nini. Nilifurahi hadi nikaona haya.

Basi tukashika kazi, mimi na wanawake wa mtaani kwetu. Jua likiwa kali tulikwenda kusikiliza maganda ya mirihi yakipasuka, ta! ta!, tukaokota mbegu kabla wadudu hawajazifikia. Wafula alituonyesha kwenye picha tuzibe pengo lipi kwanza ili upepo upungue nguvu, na mimi nikamwambia mti gani wapenda kilima na upi wapenda bonde. Tulipanda tsaka, kaya tukawaachia wazee. Mvua zikaja, mvua zikakosa, tukabeba maji kichwani. Watu walitucheka. Mti hauzai embe wala nazi, mwaupandia nini? Tukanyamaza, na mimi kunyamaza ni kazi kubwa kuliko kubeba maji.

Mirihi ikanipita kimo. Hondohondo wakarudi na makelele yao. Ngedere nao wakarudi, wakaniibia mapapai, nikawatukana matusi yote ninayoyajua huku nacheka. Kusi ikaja ikapita, na kayani haukuanguka hata mti mmoja. Mwidani alikuja mwenyewe kitaluni kuniambia, na mtu yule hakuwa na desturi ya kumletea mtu habari njema.

Msitu ulipopendeza, wakubwa nao wakauona. Siku moja tulikuta vigingi vya saruji vimepigwa ukingoni, na vibarua waliovipiga wakatuambia ardhi ina mwenyewe, ana hati kutoka Nairobi, atang'oa miti, atachimba mawe ya kujengea, kisha atauza viwanja. Mwenyewe hatukuwahi kumwona uso hadi leo. Nilikwenda kushika mti mmoja mmoja kama mwendawazimu.

Wafula alikuja mbio. Kuna sheria, akasema. Kaya iliyopimwa na kutangazwa na serikali haigusiki, hata na mwenye hati. Alileta kimashine cha mkononi, mfano wa redio ndogo, kinachosemezana na setilaiti, nacho hukwambia umesimama wapi duniani. Kazi iliyobaki ilikuwa wazee wauzunguke mpaka pamoja naye. Mpaka wa kaya.

Wakaenda. Mimi, mwanamke, nikabaki kitaluni namwagilia. Mlangoni mwa kaya Wafula alisahau kuvua viatu, akaingia navyo hatua chache, wazee wakamsimamisha wakamtoza mbuzi. Akaomba radhi, akavua, na tangu pale akawa mnyenyekevu kupita kiasi. Yaliyofuata nimeyasikia kwa wote wawili, na yalilingana.

"Mzee, kaya inaanzia wapi?" Wafula akauliza.

"Yaanzia hapa mlangoni," Mwidani akamjibu.

"Na inaishia wapi?"

"Yaishia mlango wa pili, kule. Upande huu yaishia makaburini. Upande ule, kwenye kisima kilichofukiwa."

Wafula akatazama picha yake, akaona msitu umeenea mbali sana nje ya hapo. "Ni hapa tu, mzee? Huko nje si kaya?"

"Huko si kaya," ndugu yangu akasema.

Lililoulizwa likajibiwa. Laiti Wafula angeongeza swali moja, basi huko ni nini? Lakini alikuwa ametoka kutozwa mbuzi. Alijiambia, mimi ni nani, mtu wa bara, niwafundishe wazee hawa patakatifu pao? Labda wana sababu zao. Heshima ikamfunga mdomo. Wakazunguka milango na makaburi, kimashine kikapokea, na mwisho wazee wakatia vidole gumba kwenye karatasi.

Jioni Wafula alipita kitaluni. "Mama, tumemaliza kupima kaya," akasema. Nikasema alhamdulillahi, nikajua kesho ni zamu ya tsaka. Yeye akijua kazi imekwisha. Tulikunywa chai pamoja, tukafurahi, kila mtu na lake.

Asubuhi hakuja, nikadhani amechoka. Akaenda Nairobi, nikadhani amekwenda kufuatia. Tangazo lilipotoka alileta ramani mwenyewe, meno yote nje. Mimi kusoma sijui, lakini nilikuwa nimezitazama picha zake miaka na miaka, na miti yangu naijua hata kwenye karatasi. Mstari mwekundu ulizunguka kipande cha katikati, kidogo kama ukucha. Kilichobaki chote kilikuwa cheupe.

"Na tsaka i wapi?" nikauliza.

"Tsaka ni nini, mama?"

Wallahi aliuliza hivyo. Mtu amekula kwangu, amelala kwangu alipougua malaria, amepanda nami bega kwa bega, na neno tsaka hakuwahi kulisikia. Nasi tulipozungumza naye tulizungumza Kiswahili, tukasema msitu, msitu, msitu. Na kaya aliijua kutoka kwenye vitabu na magazeti, ambamo kaya ni msitu mzima.

Nilimweleza. Alikaa chini palepale kwenye matope ya kitalu, akaanza kulia, mwanamume mzima. Nikamwacha alie, nikaenda kumtafuta Mwidani. Nilimkuta nyuma ya nyumba asuka makuti.

"Ulimwambia tsaka si kaya?"

"Si kaya."

"Mwidani!"

"Aliniuliza kaya. Kwani weye waita tsaka kaya? Mama aliita hivyo?"

"Ungemwambia na tsaka ipimwe!"

"Nilidhani yaja," akasema. Makuti yalimtoka mkononi. "Mtu hupima nyumba kwanza, kisha ua. Nilikuwa nangoja aniite."

Nami nilidhani vivyo hivyo, na hilo likanizidishia hasira. Nikachukua kuti lake nikalitupa uani. Akaenda akaliokota, akarudi akakaa, lakini hakusuka tena siku ile.

Wafula alizunguka ofisi moja baada ya nyingine, Mombasa hadi Nairobi. Kila mahali walimwonyesha vidole gumba vya wazee. Wazee wenyewe wamesema huko si kaya, wewe ni nani useme ni kaya? Kubadilisha mpaka kulitaka kuanza upya, na mwenye hati hakuwa na haja ya kungoja. Wafula alikonda. Shirika lake likamhamisha kabla ya mwisho, na alipokuja kuniaga hakuweza kunitazama machoni. Nilimpa mapapai. Sikumlaumu, na sikumwambia kwamba simlaumu, na hilo nalo lanikera.

Tingatinga lilikuja asubuhi moja baada ya masika. Nilisikia mngurumo kabla ya kuliona. Nikafunga leso kiunoni nikapita njia ya mkato na ndara zangu, nikalikuta limesimama mbele ya mirihi yetu ya kwanza kupandwa. Mbele yake amesimama ndugu yangu na bakora yake, peke yake. Wazee wengine waliogopa. Askari wawili walikuwa ndani ya gari barabarani, wanakula mahamri.

Dereva alipomwona Mwidani alizima mtambo, akashuka, akavua kofia. Alikuwa mtu wa makamo, Mgiriama wa Kaloleni, na jina lake alilisema mwenyewe, Baya.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mzee, mimi nimetumwa. Nimeambiwa hapa ni shamba la mtu. Lakini pale feri watu wanasema hapa kuna kaya." Alifuta jasho kwa kofia. "Kwetu pia tuna kaya. Mimi sipeleki chuma ndani ya kaya, hata wakiniachisha kazi leo. Nitaondoka na ufunguo, na Mgiriama mwingine au Mduruma watakayemleta nitamwambia, naye hatapanda. Wewe niambie tu, mzee. Hapa ni kaya?"

Jamani! Neno moja. Neno ambalo kila mtu wa mjini alilisema kila siku bila kufikiri, lililoandikwa katika vitabu vyao.

"Ni kaya!" nikapiga kelele. "Ni kaya, mwanangu, wallahi ni kaya!" Niliapa uongo kwa jina la Mungu na wala sikutetemeka.

Baya alinitazama kwa huruma. "Mama, mwanamke haingii kaya," akasema taratibu. "Na wewe umesimama hapa na ndara miguuni. Namwuliza mzee."

Nikazitupa zile ndara, nikajua tayari kwamba nimechelewa. Nikamshika Mwidani shati. "Sema," nikamwambia. "Nakuomba kwa ziwa tulilonyonya. Mara moja tu maishani mwako, Mwidani. Sema."

Ndugu yangu aliitazama mirihi. Alitaka, mimi namjua, alitaka kama mtu mwenye kiu. Alifungua mdomo, akafumba, akafungua tena.

"Si kaya," akasema. "Ni tsaka."

Baya akainamisha kichwa. Kwao neno ni lilelile, hakuhitaji kutafsiriwa. "Asante, mzee," akasema, akavaa kofia yake, akapanda.

Nilimpiga ndugu yangu kifuani kwa ngumi zote mbili, mzee wa watu, naye hakujikinga. "Kwa nini? Kwa nini, mwana wa mama?"

"Nikiita tsaka kaya leo kwa kuwa nataka," akasema, "kesho yule mwenye hati ataiita kaya shamba kwa kuwa ataka, nami nitamjibu nini? Miti wameshaichukua, Mwanasaumu. Tumebakiwa na neno."

"Neno!" nikamwambia. "Tutakaa kivulini mwa neno? Hondohondo watalala juu ya neno? Kusi utaizuia kwa neno, Mwidani? Sema!"

Alinijibu. Niliona midomo yake ikienda. Lakini Baya alikuwa ameshawasha mtambo, na mrihi wa kwanza umeanza kupasuka, sikusikia kitu. Nilikaa naye nyumba moja baada ya hapo, tukipeana salamu na chumvi tu, hadi siku tuliyomzika, na sikumwuliza alisema nini.